Juisi ya karoti haiwezi kuwa mwavuli wa mwenye ualbino

Katika kozi yangu ya tafsiri huwa ninawapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi moja ambalo wengi wao hulipenda. Kila mmoja hutakiwa kuleta darasani andiko alilolipata mjini: tangazo la duka, maelezo ya dawa, ilani iliyobandikwa ndani ya matatu, almuradi liwe andiko halisi ambalo mtu fulani alilitunga kwa nia ya kumshawishi mwenzake. Muhula mmoja, binti mmoja mwenye ualbino, ambaye hukaa mstari wa mbele kwa sababu ya uoni wake, alileta karatasi ya kijani iliyokuwa ikigawiwa katika kituo cha magari pamoja na mkebe wa unga wa mimea. Karatasi hiyo ilidai, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja la kisarufi, kwamba viini vilivyomo katika karoti, nyanya na majani ya chai hukinga ngozi dhidi ya kansa iletwayo na jua.

Tuliijadili sentensi hiyo kama wanaisimu. Niliwaomba wanafunzi wakitazame kiambishi hu- katika kitenzi “hukinga”. Kiambishi hicho hakina wakati maalumu wala hakibagui nafsi. Tunasema jua huchomoza mashariki, nao watoto hulia. Ni kiambishi cha mambo yasiyo na shaka. Mwandishi wa karatasi ile angaliweza kuandika “huenda vikasaidia” au “yamkini vinapunguza”, lakini kwa kuteua hu- alikipandisha kisio kikawa kanuni ya maumbile. Darasa lilicheka, tukaendelea na andiko lililofuata.

Kipindi kilipokwisha binti yule alibaki nyuma. “Mwalimu,” akaniuliza, “kwa hivyo si kweli?”

Hapo ndipo nilipong’amua kwamba kwake yeye lile halikuwa zoezi. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameacha kununua mafuta ya kujikinga na jua, ambayo si rahisi kwa bei, na fedha hizo alikuwa akizitumia kununua unga ule na karoti za kukamua. Nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na kidonda kidogo chenye gamba ambacho kilikuwa hakijapona kwa wiki saba. Nilimwambia la kwanza aende hospitalini, tena siku ileile. Kuhusu swali lake nilimwomba anipe muda, maana mimi ni mtu wa isimu, si daktari wa miili. Nilikwenda kwa wenzangu wa kitivo cha tiba, nikasoma walichonipa, nikarudi kuwauliza tena nilipokwama. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaelewa, nami ninayaandika kwa sababu ninajua kwamba karatasi kama ile zimo katika mikoba ya walimu na wanafunzi wengi.

Tuanze na jua lenyewe. Pamoja na mwanga tuuonao, jua hutuletea miale isiyoonekana iitwayo urujuanimno. Wataalamu wanaigawa katika makundi kwa urefu wa mawimbi yake. Miale ya UVB, yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, hupiga moja kwa moja kwenye DNA ya chembe za ngozi na kuzigandamanisha herufi mbili za maandishi hayo ya urithi ambazo zilipaswa kukaa mbalimbali. Miale ya UVA, kuanzia nanomita 315 hadi 400, huzama ndani zaidi na kuzalisha chembechembe kali za oksijeni ambazo nazo huharibu. Mwili una mafundi wa kurekebisha makosa hayo, lakini kazi ikiwazidi, makosa hubaki, na chembe iliyokosewa huweza kuanza kujigawa bila breki. Mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha miale ya jua miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuleta kansa kwa binadamu.

Wengi wetu tumezaliwa na ngao. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, hufyonza sehemu kubwa ya miale kabla haijafika panapoumiza. Ndiyo maana Mwafrika mwenye ngozi nyeusi ni nadra kupata kansa itokanayo na jua. Hata melanoma, ambayo ndiyo kali kuliko nyingine zote, inapompata mtu mweusi aghalabu huota kwenye wayo au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina habari napo. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliuawa na melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Kwa hivyo mtu mweusi anayeuziwa unga wa kujikinga na kansa ya jua anauziwa mwavuli ndani ya nyumba.

Mwenye ualbino hana ngao hiyo. Amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huenda ni weusi kabisa, nakala ya jeni isiyoweza kuifanya kazi ya kutengeneza melanini ipasavyo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Hawa wanaishi karibu na mstari wa ikweta, na wengi wao kwenye nyanda za juu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na inakadiriwa kwamba kila unapopanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia kumi hivi. Ubaridi wa Julai hutudanganya, kwani miale hiyo haina joto la kutuonya na mawingu mepesi huipitisha sehemu yake kubwa. Kansa inayowashambulia wenye ualbino katika Afrika aghalabu ni ile ya chembe bapa za tabaka la juu la ngozi. Huanza kama gamba au kidonda kisichopona kwenye sikio, shingo, mdomo au mkono, na ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Ikiachwa huua, na huwaua watu ambao umri wao ungali mdogo.

Sasa tuje kwenye karoti. Sitaki msomaji afikiri kwamba wazo lenyewe ni la kitapeli tangu mwanzo, kwa maana lina asili ya heshima. Mmea hauwezi kukimbilia kivulini. Umesimama pale pale tangu alfajiri hadi magharibi, na ungeungua lau usingekuwa na kinga yake. Rangi za manjano na nyekundu ziitwazo karotinoidi, pamoja na jamii nyingine kubwa ya viini iitwayo flavonoidi, ni sehemu ya silaha ambazo mmea hujilindia dhidi ya mwanga uliopita kiasi. Ilikuwa ni jambo la busara kabisa kwa wanasayansi kuuliza: je, mla mmea naye hurithi ulinzi huo?

Walipouliza swali hilo kwa panya wa maabara, majibu yalikuwa ya kutia moyo. Kwa mfano, panya walionyweshwa chai ya kijani kisha wakamulikwa kwa UVB walipata uvimbe mchache kuliko wenzao walionyweshwa maji. Na huko Ujerumani, mwaka 2001, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi nililipenda kwa sababu linanikumbusha jikoni kwetu. Waliwalisha watu gramu 40 za nyanya nzito ya kopo pamoja na kijiko cha mafuta ya zeituni kila siku kwa majuma kumi. Mwishowe walipowamulika, wekundu wa kuungua kwenye ngozi zao ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 ukilinganishwa na wa watu ambao hawakula nyanya hizo. Kiini kinachohusika kinaitwa laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, nacho hupenya mwilini vizuri zaidi nyanya inapopikwa na mafuta. Mama zetu, ambao hawajawahi kukaanga sukuma wiki bila kitunguu, nyanya na mafuta, walikuwa wakifanya jambo la maana bila kungoja jarida la kisayansi.

Lakini hebu tuangalie kilichopimwa. Watu wenyewe hawakufika hata thelathini, na walichopimwa ni wekundu wa ngozi, si kansa. Isitoshe, ngozi ambayo wekundu wake umepungua kwa asilimia 40 bado imeungua. Mafuta ya kujikinga yenye kipimo cha SPF 30, yakipakwa inavyotakiwa, huzuia zaidi ya asilimia 95 ya miale iunguzayo. Chai ya kijani nayo ilipopelekwa kwa binadamu huko Uingereza, katika jaribio la majuma 12 lililochapishwa mwaka 2015, haikuweza kuupunguza wekundu huo kwa kiwango cha kuaminika.

Kuhusu kansa yenyewe, jibu lilikuja mapema, nalo lilikuja kwa kishindo. Mwaka 1990 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 1,805 ambao walikuwa wamewahi kuugua kansa ya ngozi. Nusu yao walipewa miligramu 50 za beta-karotini, ile rangi ya karoti, kila siku. Nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na kitu. Baada ya miaka mitano kansa mpya zilikuwa sawa pande zote mbili. Jaribio jingine lilifanyika katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland nchini Australia, kati ya mwaka 1992 na 1996. Hapa watu 1,621 waligawanywa kwa namna ya kuvutia: wapo waliopewa beta-karotini pamoja na mafuta ya kujipaka kila siku, wapo waliopewa kimoja tu kati ya hivyo viwili, na wapo ambao hawakupewa hata kimoja. Mafuta yaliipunguza ile kansa ya chembe bapa, hiyo hiyo inayowaua wenzetu wenye ualbino, kwa takriban asilimia 40. Beta-karotini haikupunguza chochote. Ningekuwa na uwezo ningelibandika tokeo hili katika kila kituo cha magari, maana si mara nyingi sayansi huvipambanisha vitu viwili ana kwa ana hivi, karoti upande mmoja na mafuta ya kujipaka upande wa pili, ikatoa hukumu moja.

Wala vidonge hivyo si vya “hata visiponisaidia havitanidhuru”. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walifuatiliwa, na mwaka 1994 ikabainika kwamba wale waliopewa beta-karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Miaka miwili baadaye jaribio la aina hiyo nchini Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo hiyo. Karoti iliyomo sahanini haijawahi kushtakiwa kwa kosa hilo. Kiini kikiondolewa kwenye mmea wake na kusindiliwa ndani ya kidonge kwa vipimo vikubwa huwa ni kitu kingine.

Kuna mimea inayofanya kinyume kabisa cha yale yaliyodaiwa na karatasi ya kijani. Ndimu, limau na tini zina viini vya jamii ya soraleni, ambavyo vikipigwa na UVA hushikamana na DNA na kuiunguza ngozi. Yeyote anayepaka maji ya ndimu usoni kisha akatoka juani anajitafutia malengelenge. Wamisri waliutumia tangu zamani mmea mmoja wenye viini hivyo, uotao katika bonde la mto Naili, kutibu mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi, na katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Kairo, El Mofty, aliuchunguza kwa njia za kisasa. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana tiba ya soraleni na mwanga ambayo tangu mwaka 1974 imewaponya wagonjwa wengi wa ngozi huko Ulaya na Marekani. Kufikia mwaka 1979 ilikwisha kuonekana kwamba wagonjwa hao hao walikuwa wakipata kansa ya ngozi kupita kiasi cha kawaida. Kiini ni cha mmea, tena cha asili, na kinaalika kansa. Nani basi alitufundisha kwamba neno “asilia” lina maana ya “salama”? Kamusi zangu hazisemi hivyo.

Je, chakula hakina lolote la kuiambia ngozi iliyo juani? Kinalo, na kisa ninachotaka kukisimulia hapa kinaihusu sima yetu. Upo ugonjwa uitwao pelagra. Daktari Mhispania, Gaspar Casal, aliueleza mwaka 1735 baada ya kuuona kwa wakulima maskini waliokula mahindi na mahindi tu. Dalili yake mojawapo ni kwamba ngozi inayopigwa na jua, hasa ya mikono na shingo, huwa nyekundu, kisha hukakamaa na kubambuka, hata shingoni pakaonekana alama kama mkufu. Mgonjwa huharisha, akili humruka, na asipotibiwa hufa. Iliwachukua wataalamu miaka mia mbili kufahamu kwamba kinachokosekana ni vitamini B3. Mahindi yanayo vitamini hiyo lakini imefungwa ndani yake kiasi kwamba tumbo haliipati. Wenyeji wa Meksiko, ambao ndio walioyafuga mahindi, huyachemsha kwanza kwa maji ya chokaa, na chokaa hiyo huifungua. Waliobeba mbegu kuzisambaza duniani hawakuubeba upishi. Mwaka 1990 wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa Malawi walikatiwa mgao wao wa njugu karanga wakabaki na mahindi, na zaidi ya watu 17,000 miongoni mwao wakaugua pelagra. Njugu peke yake ndizo zilizokuwa zimesimama kati yao na ugonjwa.

Ninakitaja kisa hicho pia kwa sababu vitamini hiyo hiyo, katika umbo liitwalo nikotinamidi, ndiyo iliyotoa matokeo bora zaidi hadi sasa miongoni mwa vitu vya kumeza vinavyopatikana katika chakula. Katika jaribio lililofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2015, nusu ya watu 386 waliokwisha kuugua kansa za ngozi walimeza miligramu 500 mara mbili kwa siku, na kansa mpya kwao zikapungua kwa asilimia 23. Walipoacha kumeza, manufaa yalitoweka. Jaribio la mwaka 2023 kwa watu waliopandikizwa viungo halikuona manufaa yoyote. Nikotinamidi haizuii mwale wowote usiingie. Inadhaniwa kwamba huwapa nguvu wale mafundi wa kurekebisha DNA. Na hapo ndipo mimi, mtu wa maneno, ninapolirudia neno lililonitoa darasani.

Kukinga, katika Kiswahili cha asili, ni kuweka kitu kati ya vitu viwili. Anayekinga maji ya mvua huweka ndoo chini ya mchirizi. Anayekinga pigo huinua mkono au ngao. Kofia pana inakinga jua. Shati la mikono mirefu linakinga, mwembe uani unakinga, na mafuta yaliyopakwa kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili yanakinga. Nyanya na njugu zinalisha, zinajenga, na yamkini zinasaidia kutengeneza kilichoharibika. Hiyo ni kazi tukufu, lakini si kukinga. Aliyeandika “hukinga” alilitwaa neno la ngao akalivika chakula, na msomaji aliyeamini akaiweka ngao chini.

Simlaumu binti yule hata kidogo. Bei ya mafuta ni mzigo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likigawa mafuta hayo bure kupitia hospitali za umma, na kule Moshi, Tanzania, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino wenyewe, lakini chupa iliyoisha katikati ya muhula haingoji ratiba ya mtu. Katika pengo hilo muuza unga huingia, naye huingia na Kiswahili sanifu.

Walimu wenzangu nina neno nao. Nimetembelea shule za upili kadhaa kuwakagua wanafunzi wetu wa ualimu, na zaidi ya mara moja nimemwona mtoto mwenye ualbino amesimama kichwa wazi katika gwaride la Jumatatu kwa kuwa kofia si sehemu ya sare. Nimemwona mwingine kwenye kipindi cha michezo saa sita za mchana, katika kaptura na fulana isiyo na mikono, kama wenzake wote. Mwalimu wa zamu aliniambia kwamba hapendi kumbagua. Nia yake ilikuwa njema na matokeo yake yanaweza kuwa kaburi. Mtoto huyo apewe ruhusa ya kofia yenye ukingo mpana, sketi au suruali ndefu na mikono mirefu, tena kwa maandishi ili mwalimu mgeni asimvue. Michezo yake iwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Akae karibu na ubao na mbali na dirisha lenye jua. Na mwalimu akiona gamba au kidonda kwenye sikio au mdomo wake ambacho hakijapona kwa majuma manne, asimtume kwa muuguzi wa shule kupakwa dawa ya rangi kisha akasahau. Ampeleke kwa daktari.

Kidonda cha mwanafunzi wangu kilikatwa kikiwa bado kidogo. Daktari alimwambia kwamba angechelewa mwaka mmoja hadithi ingekuwa nyingine. Alirudi darasani na bandeji sikioni na kofia ya ukindu pana kiasi kwamba waliokaa nyuma yake walilalamika hawaoni ubao, tukambadilishia nafasi akawa pembeni. Zoezi lake la tafsiri alilikabidhi baada ya wenzake wote. Ile sentensi moja ya karatasi ya kijani alikuwa ameiandika upya ikawa sentensi nne, zenye “huenda” mbili na “haijathibitika” moja, na chini yake akaongeza kwamba kwa maneno hayo hakuna mtu ambaye angeununua mkebe. Nilimpa alama ya A. Unga uliobaki, aliniambia, anaumalizia kwenye uji.